Shangazi, Maji Yako Yaliitwa kwa Jina la Baba

Mpendwa shangazi Nakijwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza na wewe bila shikamoo na siwezi kujizoeza leo. Nilipokuwa mdogo nikiisahau ulikuwa unaninyamazia, unaendelea kuchambua mboga kana kwamba aliyeingia jikoni ni paka, mpaka nikumbuke mwenyewe.

Ninakuandikia nikiwa dukani kwangu Same mjini, jua la huku chini likichoma mabati. Wanunuzi wa mbegu wamepungua kwa sababu mvua haieleweki, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika na nafasi ya kubishana. Ubishi wa siku hizi ni Katiba. Umerudi, shangazi. Wakati wako walikusanya maoni, wakajadili, wakatuletea kitabu cha Katiba Inayopendekezwa, tukaambiwa tungoje kura ya maoni. Tulingoja mpaka wewe ukaondoka. Sasa tunasikia mchakato utafufuliwa, na pale kwenye kahawa karibu na stendi kila mtu amekuwa mwanasheria. Unawajua Wapare. Wenzetu wanatusema kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Watu wa namna hiyo ukiwapa Katiba waijadili, kahawa inapoa vikombeni.

Mimi nimo, tena sauti yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Msimamo wangu unajulikana mpaka kwa wauza vitunguu. Nataka madaraka ya Rais yapunguzwe, yeyote atakayekuwa kwenye kiti hicho, kwa sababu kiti kikubwa mno humharibu hata mwenye nia njema. Nataka mtu aweze kugombea bila kubebwa na chama. Nataka wanaosimamia uchaguzi wasiwe na wa kumwogopa. Kuhusu serikali mbili au tatu, nimeshabishania pande zote na bado sijui. Hapo huwa nakunywa kahawa yangu kimya.

Lakini sikukalia karatasi hii kukuhubiria hayo. Nimekukumbuka wewe na siku ya Rasimu.

Bado nacheka, nisamehe. Walitangaza kanisani kwamba watu watapanda mpaka kijijini kwetu Chome kutueleza Rasimu ya Katiba, na kwamba siku hiyo kutakuwa na mgeni rasmi. Kiswahili ulikipata ukubwani, juu ya Chasu, lugha yetu ya nyumbani, na masikio yako yakayaunganisha hayo mawili. Kwako Rasimu akawa ndiye mgeni. Ukauliza ni mtu wa wapi. Ukasema jina lake ni la Kiislamu, kwa hiyo asipikiwe kitu cha kumkwaza. Asubuhi ya siku yenyewe ukajifunga kitenge chako cha Krismasi, ukajitwika sufuria la makande, ukashuka nalo mpaka uwanja wa shule. Ukakaa mbele kabisa. Kila gari lililoonekana kwenye kona likipambana na matope ulisimama, ukauliza, "Ndiye Rasimu huyo?"

Baba ndiye aliyekueleza, huku amejiziba mdomo kwa kofia, kwamba rasimu si mtu, ni maandishi ambayo bado hayajakamilika.

"Kumbe hajazaliwa," ulisema. "Basi makande tutakula wenyewe."

Tukayala. Yalikuwa matamu, na yule kijana aliyetumwa kutueleza mambo alirudia sahani. Pengine ndiyo maana alikuruhusu kusema uliponyoosha mkono, ingawa wazee walikuwa bado hawajamaliza. Ulisimama ukashika kiuno. Nilikuwa nyuma yako na niliona jinsi kitenge kilivyotetemeka mgongoni, kwa hiyo najua kwamba uliogopa.

"Mimi Rasimu simjui," ulisema. "Mimi naijua ndiva. Nimechimba matope ya ndiva yetu tangu niko msichana, nikaolewa, nikarudi, nikachimba tena. Lakini maji yangu yanaitwa kwa jina la kaka yangu. Sasa kama mnaandika, andikeni na hilo. Nataka maji yangu yaitwe kwa jina langu."

Watu waliangua kicheko. Yule kijana alijibu kwa upole, sikumwona na kiburi. "Mama, hilo ni la kamati yenu ya maji. Katiba ni ya nchi nzima."

"Kwani mimi niko nchi gani?"

Wakacheka tena, na wewe ukacheka nao, ukakaa. Kijana akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Watu wa mjini wakinisikia nikisimulia haya huuliza, jina kwenye maji lina faida gani? Hawajui mfereji wetu. Hawajui lile bwawa la mawe na udongo walilolijenga mababu, tunaloliita ndiva, linavyojaa usiku kucha na kufunguliwa alfajiri. Hawajui kwamba kabla maji hayajaelekezwa shambani, msimamizi wa zamu husimama kwenye ukingo na kuita kwa sauti, "Maji ya fulani!" na mwenyewe huitikia "Naam!" mbele ya watu wote. Usipoitwa, shamba lako ni la mwingine, hata kama mgongo wako umepinda humo. Na siku ya msaragambo, kijiji kizima kinapotoka kuzoa matope ya ndiva, hakuna anayeuliza jina la koleo. Matope hayana ukoo.

Wewe ulirudi kutoka kwa mumeo baada ya mazishi yake, umembeba Namsifu mgongoni. Wakwe walikwambia hapo si kwako tena. Baba hakukuuliza swali hata moja. Alikuonyesha kile kipande cha juu, chini ya migomba, akasema, "Lima dada, ule na mtoto." Sitaki mtu amseme vibaya baba yangu. Hakuwahi kukudai gunia la maharage, hakuwahi kukunyang'anya hata tuta moja, na alipouza ng'ombe wa kwanza alimlipia Namsifu shule kabla yangu. Kila alichokuwa nacho alikupa, isipokuwa jina. Na sidhani kama alijua kwamba jina ni kitu cha kutolewa.

Siku ile ya Rasimu tulipanda naye kurudi nyumbani, wewe na sufuria tupu kichwani. Alikutania njia nzima.

"Nakijwa, maji ni maji. Yakiitwa langu, wewe hunywi?"

"Nakunywa, kaka," ulimjibu. "Lakini nakunywa kama mgeni."

Baba hakuudhika. Alikupokea sufuria akalibeba mwenyewe mpaka mlangoni, na kwa mwanaume wa rika lake hilo lilikuwa jambo la kutazamwa na majirani.

Alipofariki, maji yakahamia kwangu. Hakuna aliyeniuliza. Niko huku Same nauza mbegu na dawa za mimea, na kule juu msimamizi anaita, "Maji ya Elibariki!" Wewe ndiye uliyekuwa unaitikia. Mwanamke mzima, mwenye mvi, anaitikia jina la mtoto aliyemfundisha kufunga vifungo vya shati. Nilipokuja likizo uliniambia kwa utani kwamba siku hizi unaitwa Elibariki, na ukaniomba nikutafutie suruali. Nilicheka sana, na leo nikilikumbuka neno hilo sicheki.

Baadaye nilisoma ile Katiba Inayopendekezwa. Nilitafuta habari zako humo, na zilikuwemo: mwanamke na haki ya kumiliki ardhi. Niliposoma nilitaka kukupigia simu. Kisha nikaambiwa na mwanasheria mmoja aliyekuja kununua mbegu za nyanya kwamba hata sheria ya ardhi tuliyo nayo siku zote inasema hivyohivyo. Yaani haki yako ilikuwepo, shangazi, imechapwa na kupigwa muhuri. Ila haikuwa imepanda mlima.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada ya wewe kuondoka, kwa maana hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Tulipomaliza matanga, ukoo ulikaa sebuleni kwa baba. Baba mdogo Sefania akasema kipande cha juu sasa kinarudi kwa mwenyewe, yaani mimi. Namsifu, alisema, ni binti yetu na tunampenda, lakini kwa ukoo ni mtoto wa kule kwa baba yake. Aendelee kulima mpaka avune maharage yaliyoko shambani, halafu tutaona. Alisema bila ubaya. Alisema kama mtu anayesoma tangazo. Wengine wakaitikia kwa vichwa, na wote wakanigeukia mimi ili nitie neno la mwisho.

Nakwambia kweli, nilikitaka kile kipande. Unajua jinsi kinavyopokea ubaridi wa msitu wa Shengena. Nilikuwa nimeshapiga hesabu za miche ya parachichi kichwani, safu kwa safu. Na hakuna hata mtu mmoja mle ndani ambaye angenilaumu.

Namsifu aliingia na birika la chai. Alimmiminia baba mdogo, akawamiminia wazee, akafika kwangu. Unamjua mwanao, hapandishi sauti.

"Kaka, nasikia kule Same unataka Rais apunguziwe madaraka."

"Ndiyo," nikasema. "Habari zimefika mpaka huku?"

"Zimefika. Sasa yatapunguzwa na nani?"

"Na Katiba."

"Haya. Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe nani anakupunguzia?"

Baba mdogo alipaliwa na chai. Mtu mmoja akacheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Kule kwenye kahawa sijawahi kukosa jibu, shangazi, mashahidi wapo. Lakini pale sebuleni, chini ya picha ya baba, nilikuwa na shamba lote, maji yote, na neno la mwisho. Na nilikuwa sijavipigania wala kuvitolea jasho, nimevikuta tu. Nikasema tulale na jambo hili kwanza. Ni jibu la wakubwa wote wasiotaka kujibu.

Kulipokucha ilikuwa siku ya msaragambo. Nilivua viatu vyangu vya mjini nikashuka ndani ya ndiva. Namsifu alikuwa ameshatangulia, matope yamemfika magotini, anajaza na kupitisha, anajaza na kupitisha. Nilipanga mstari nyuma yake. Mara ya mwisho kufanya kazi ile nilikuwa kijana, na nilikuwa nimesahau kwamba yale matope yananuka na kwamba mgongo unaanza kulalamika kabla jua halijatoka vizuri. Watu walinitania kwamba muuza mbegu amekuja kujipanda. Namsifu hakunitazama hata mara moja.

Kazi ilipoisha, maji yakafunguliwa. Msimamizi wa zamu alipanda ukingoni, akaita wa kwanza, akaita wa pili, kisha akaita, "Maji ya Elibariki!"

"Naam!"

Tuliitikia wawili, mimi na Namsifu, kwa pamoja. Yeye alikuwa amezoea kuliitikia jina langu tangu ulipougua, na mimi nimelizoea kwa sababu ni langu. Watu walicheka mpaka wengine wakashika mipini ya majembe. Namsifu aliinamisha uso, akaanza kufuta matope mikononi yasiyofutika. Niliona khanga yake ikitetemeka mgongoni, nikakukumbuka wewe na kile kitenge cha Krismasi.

"Mzee," nikamwambia msimamizi, "maji ya kile kipande cha juu si yangu. Ni ya Namsifu."

"Namsifu wa nani?"

"Namsifu wa Nakijwa."

Kelele zilizozuka hapo ungezipenda. Baba mdogo alikuja mbele, suruali imekunjwa magotini, akaniambia ninaanzisha jambo nisilolijua mwisho wake. Mfereji huu haujawahi kuita mwanamke. Leo Namsifu, kesho mabinti wote walioolewa watarudi kudai maji.

"Warudi, baba mdogo," nikasema. "Watukute humu matopeni, wachukue koleo."

"Na wewe utabaki na nini?"

"Nitabaki na shamba la chini na zamu yake. Linanitosha."

Si kweli kwamba nililisema hilo kwa ujasiri. Sauti ilinitoka nyembamba, na hesabu za parachichi zilikuwa bado zinapita kichwani. Msimamizi alikuna shingo, akamtazama baba mdogo, akanitazama mimi. Mwishowe akasema kwamba mwenye jina akilikataa jina lake yeye hawezi kumlazimisha, na maji yanapotea bure tukiendelea kubishana. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyowashinda Wapare. Akageuka akaita.

Namsifu aliitikia. Sitakueleza jinsi alivyoitikia kwa sababu sikusikia vizuri, nilikuwa najipangusa uso kwa mkono wenye matope, na hilo halisaidii. Wiki hiyohiyo tulikwenda naye na mashahidi kwa afisa mtendaji, kile kipande kikaandikwa kwake. Baba mdogo alikuja kuwa shahidi. Alilalamika njia nzima, lakini alikuja.

Ungedhani hadithi imeishia hapo, na mimi nilidhani hivyo. Nilirudi Same kifua mbele. Kwenye kahawa nilisimulia jinsi nilivyotoa shamba, na kila niliposimulia nilizidi kuwa mtu mwema. Wenzangu walisema mtu kama mimi ndiye angefaa kuiandika hiyo Katiba. Sikuwakatalia.

Halafu jua likaja. Nilikuwa nimepanda miche yangu ya parachichi kwenye shamba la chini, badala ya kile kipande cha juu. Jumamosi moja nikapanda mlima kwa bodaboda kuitazama, nikaikuta majani yamelegea kabisa, mingine imeanza kukauka ncha. Juu yangu, kwenye kipande chako, maji yalikuwa yanateremka kati ya matuta ya kabichi yakilia vizuri, na Namsifu anayaelekeza kwa jembe.

Nilimwita. Nikamwomba anifungulie kidogo tu, miche isife.

"Kaka, pole. Leo ni zamu yangu, na kabichi zangu nazo zina kiu. Wewe zamu yako ni Jumanne."

"Jumanne si nitakuta kuni?"

"Zungushia majani kwenye mashina, yatatunza unyevu. Nitakusaidia nikimaliza hapa. Lakini maji ni Jumanne."

Ndipo nilipolisema, shangazi. Lilinitoka lenyewe, kwa sauti ambayo hata majirani ng'ambo ya bonde waliisikia. "Namsifu, si mimi niliyekupa hayo maji?"

Alisimamisha jembe. Hakukasirika. Aliniangalia kama wewe ulivyokuwa ukiniangalia nikisahau shikamoo.

"Ulinipa, kaka, au uliniazima?"

Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji. Maji yalikuwa yanapita mbele ya miguu yangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kuyageuza kwa kisigino, na hakuna ambaye angeniona isipokuwa yeye. Nilikuwa na hasira. Sitakuficha, nilijuta kutoa. Nilijisikia nimedhulumiwa na mtu niliyemwinua mimi mwenyewe. Na nilipokuwa nimekaa pale nikichemka, ndipo nilipoelewa kwa nini wakubwa huizungumzia Katiba vizuri sana jukwaani na kisha hawaileti. Si kwamba wote ni watu wabaya. Wengi wao, naamini, ni watu wema kama mimi.

Kwa hiyo watakapokuja tena kukusanya maoni, nitakuwa na moja tu la kuwaambia, na wakicheka wacheke. Nitawaambia nataka Katiba inayoweza kumwambia aliyeitoa asubiri zamu yake.

Nilimpigia simu kijana wangu wa dukani nikamwambia sitashuka. Namsifu alimaliza kumwagilia, akaja na majani makavu ya migomba, tukayazungusha kwenye mashina pamoja. Jioni alinipikia makande. Jumapili nilikwenda kanisani, Jumatatu nikakaa nyumbani kwa baba sina kazi. Baadhi ya miche ilikufa.

Pumzika, shangazi, kwenye udongo wa kwenu. Mimi nilisubiri mpaka Jumanne, na iliniuma kila siku.

Mtoto wa kaka yako,
Elibariki